Keisi Kubwa ya Kompyuta Dodoma: Dalili, Visababishi na Wakati wa Kumwita Fundi

Mashine ikianza kusumbua, wa kwanza kulaumiwa ni mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vifaa vya ndani. "Fundi, mazabodi imekufa, nitafutie nyingine." Mara nyingi mazabodi ni nzima kabisa. Tatizo liko kwenye chujio la vumbi lililoziba, waya wa batani uliochomoka njiani kutoka Dar, kinguzo cha shaba kilichosahaulika mgongoni mwa mazabodi, au soketi ya ukutani isiyo na ethi (waya wa kwenda ardhini). Yote hayo ni mambo ya keisi na mahali ilipowekwa, na karibu yote unaweza kuyakagua kabla hujatoa shilingi.

Keisi ninazozungumzia ni zile ndefu, ful tawa, zenye kimo cha sentimita 55 hadi 75. Hapa mjini utazikuta kwenye studio za video, ofisi za wachoraji wa majengo, kwa watu wanaohifadhi picha za kamera za CCTV kwenye diski nyingi, na kwa vijana wa gemu. Zina nafasi ya mazabodi pana, rejeta ndefu (ya kupoza kwa maji) na feni nyingi. Zina pia mambo yake: uzito, waya nyingi, na uso mpana unaovuta vumbi kutwa nzima. Kiangazi cha Dodoma, kuanzia Mei hadi Novemba, hakisamehe keisi ya namna hiyo ikiachwa bila kuangaliwa.

Kabla ya dalili yoyote, tafuta bisibisi ya nyota yenye sumaku, brashi mpya ya rangi yenye nyuzi laini, tochi, blowa ndogo ya umeme na kikopo cha kuwekea skrubu. Zima mashine, chomoa plagi, kisha bonyeza batani ya kuwashia kwa sekunde kumi hivi ili umeme uliobaki ndani uishe. Gusa chuma cha keisi kisichopakwa rangi kabla ya kugusa kifaa chochote, na urudie kila baada ya muda. Juni, Julai na Agosti hewa ya hapa ni kavu; ukivua sweta unasikia cheche, na cheche hiyo hiyo inaweza kuua kipande cha ramu bila wewe kuhisi chochote.

Inachemka, feni zinalia, inajizima mchana

"Asubuhi inapiga kazi vizuri, ikifika saa nane inazima yenyewe." Lalamiko hili ndilo linalorudi kuliko mengine yote, na huzidi Oktoba na Novemba joto linapopanda kabla ya mvua.

Usifungue kitu kwanza. Pakua programu ya HWiNFO, ni ya bure, uangalie joto la prosesa na la kadi ya picha mashine ikiwa kazini kwa nusu saa. Prosesa nyingi za Intel huanza kujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 100. Nyingi za Ryzen 7000 zimewekewa kikomo cha nyuzi 95. Andika namba uliyoipata. Halafu toa kava la pembeni, rudia kazi ileile kwa muda uleule. Joto likishuka nyuzi tano au zaidi, umepata jibu: keisi haipumui. Lisiposhuka, ruka hadi mwisho wa sehemu hii, kwenye hitisinki (chuma cha mapezi kinachopoza prosesa) na pesti inayopakwa kati yake na prosesa.

Kisababishi cha kwanza ni chujio. Mashine ikiwa imewaka, chukua risiti ya duka, isogeze kwenye uso wa mbele wa keisi. Feni zikivuta ipasavyo, risiti inanata yenyewe. Ikianguka, toa chujio ulitazame kwenye mwanga. Vumbi letu ni laini na jekundu. Likichanganyika na nyuzi za zulia linafanya utando mmoja, unaoweza kuubandua kwa kucha kama wa maziwa yaliyochemka. Ubandue, kisha osha chujio kwa maji na sabuni ya vyombo, likaushe kivulini mpaka likauke kabisa. Kiangazi fanya hivyo kila baada ya wiki mbili. Mtaa wako ukiwa na barabara ya vumbi, kila wiki. Wakati wa mvua mara moja kwa mwezi inatosha. Usisahau chujio la chini, la pawa saplai (boksi linaloipa mashine umeme). Hilo huwa halijawahi kuguswa tangu mashine inunuliwe, kwa sababu ili kulivuta lazima uihamishe keisi yote.

Pili ni mahali. Keisi imesukumwa ndani ya kabati la meza, mgongo umeegemea ukuta, hewa moto inayotoka nyuma inazunguka na kuvutwa tena mbele. Iachie nafasi ya kiganja kizima nyuma, na juu pasiwe na faili wala gazeti. Ikikaa sakafuni juu ya zulia, pawa saplai inayovuta hewa kwa chini inakosa pumzi. Iweke juu ya kibao au stuli fupi imara. Hapo hata ufagio wa asubuhi hautaipulizia vumbi moja kwa moja. Na usiiweke chini ya dirisha la upande upepo unakotoka. Najua ndipo penye ubaridi, lakini ndipo penye vumbi pia.

Tatu, feni zimegeuzwa. Hili ni kosa la mfungaji, na lipo kuliko watu wanavyodhani, hasa kwenye keisi zenye feni sita au saba. Feni hutoa hewa upande ule wenye miguu ya fremu iliyoshika mota. Upande ulio wazi ndio unaovuta. Ukitaka uhakika, washa kijiti cha udi, kizungushe taratibu nje ya kila feni uone moshi unakokwenda. Mbele na chini uingie, nyuma na juu utoke. Kwa mji wa vumbi napendelea zinazoingiza hewa ziwe nyingi kuliko zinazotoa, mathalani tatu mbele, moja nyuma, moja juu karibu na nyuma. Hapo hewa inaingia kupitia machujio na kutokea kwenye mianya. Ukifanya kinyume, keisi inavuta vumbi kwenye kila ufa ilio nao, pamoja na zile nafasi za kadi nyuma ambazo fundi alitoa vibati vyake na hakuvirudisha. Vitafute vibati hivyo, au ziba nafasi zake.

Nne, uso wa mbele ni kioo au plastiki iliyofungwa. Feni zinavuta kupitia ufa mwembamba pembeni. Ondoa uso huo mzima upime joto tena. Likishuka sana, hakuna usafi utakaokusaidia: ama utumie mashine bila uso huo, ama utafute keisi yenye wavu mbele. Kioo kinavutia dukani, lakini kwa hapa mimi sikinunui.

Tano, feni haizunguki. Angalia kama waya wake umechomekwa kwenye mazabodi au kwenye kile kibao cha kugawia umeme wa feni, na kama kibao chenyewe kimepata umeme kutoka pawa saplai. Mara nyingi ndicho kilichosahaulika. Usiunganishe feni zote kwenye tundu moja la mazabodi kwa waya wa kugawanya. Tundu la kawaida hubeba ampea moja tu, na feni nne au tano kubwa zinaweza kuivuka.

Mvua za kwanza nazo zina mgeni wake: kumbikumbi. Keisi yenye feni za taa za rangi, ikiachwa imewaka usiku dirisha likiwa wazi, itaamka na mabawa yamejaa kwenye wavu. Zima taa hizo usiku.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wanaofungiwa mashine Kariakoo hawaambiwi. Dodoma iko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya Dar. Feni ileile kwa kasi ileile inabeba joto pungufu kidogo. Si sababu ya mashine nzima kuzima, ila iliyopimwa ikiwa ukingoni kule itavuka ukingo huku. Ingia kwenye mipangilio ya mazabodi uongeze kasi ya feni.

Mwisho ndiyo hitisinki na pesti ya prosesa. Ikague kama imelegea, kama mapezi yake yameziba, kama pesti imekauka. Wengi huanzia hapa kwa sababu ndicho walichokiona kwenye video, wanabadilisha pesti, joto linabaki lilelile, nalo chujio bado limeziba.

Kuhusu kupuliza: toa mashine nje, shika kila feni kwa kidole isizunguke, puliza kwa umbali wa sentimita 15 au zaidi. Feni ikipulizwa ikazunguka kwa kasi kupita kiasi inaharibu beringi, na inaweza kurudisha umeme kwenye mazabodi. Usiipeleke kwa mtu wa pancha ipulizwe na kompresa. Ile hewa ina maji na mafuta ya mashine, na nguvu yake hung'oa vipande vidogo. Mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani nayo iache, mdomo wake unajenga cheche.

Simama hapo na umwite fundi ukisikia harufu ya plastiki iliyoungua, ukiona plagi imebadilika rangi kuwa kahawia, au ukiona majimaji chini ya rejeta. Vumbi lililo ndani ya pawa saplai lipulize kutokea nje tu. Kuifungua hapana: kapasita zake hubaki na umeme unaoweza kuua hata baada ya plagi kuchomolewa.

Ukigusa keisi inakupiga

Tofautisha mambo mawili. Cheche moja ya ghafla, tena kiangazi, baada ya kutembea kwenye zulia, hiyo ni ya mwili wako. Haina neno, ila usiguse vifaa vya ndani kabla ya kugusa chuma. Lakini ukipitisha mgongo wa kidole kwenye chuma ukahisi mtetemo mwembamba unaoendelea, au mguu mtupu ukigusa keisi unawashwa, huo ni umeme wa ukutani usio na pa kwenda.

Unatoka wapi? Ndani ya kila pawa saplai kuna kapasita ndogo za kuchuja kelele ya umeme, zimeunganishwa kati ya njia za umeme na mwili wa keisi. Kwa makusudi, zinapitisha umeme kidogo sana uende ardhini kupitia pini ya tatu ya plagi. Pini hiyo isipofika ardhini, chuma chote cha keisi kinakaa kwenye karibu nusu ya umeme wa nyumba. Kwa volti 230 zetu, maltimita itasoma karibu volti 115. Mkondo wenyewe huwa mdogo, kwa kawaida hata miliampea moja haufiki, ndiyo maana unasikia mtetemo tu. Tatizo ni kwamba kwa kugusa huwezi kujua kama ni huo, au ni waya wa laini uliochubuka na kugusa keisi. Tesita ya bisibisi itawaka kwa vyote viwili.

Fuatilia kwa mpangilio huu. Anza na plagi. Mashine nyingi za mtumba kutoka Ulaya zina plagi ya duara yenye pini mbili nene. Ethi yake iko kwenye vibati vya pembeni. Ukiichomeka kwenye ekstensheni ya matundu ya kila aina, pini mbili zinaingia vizuri, mashine inawaka, na ethi haijagusa chochote. Nunua kebo ya pini tatu bapa, bei yake ni ndogo. Pili ni ekstensheni yenyewe: ondoa, chomeka mashine moja kwa moja ukutani. Mtetemo ukiisha, itupe. Ekstensheni nyingi za bei rahisi zina tundu la tatu ambalo nyuma yake hakuna waya.

Mtetemo ukibaki hata ukutani, geukia nyumba. Kuna kidude cha taa tatu cha kuchomeka kwenye soketi, maduka ya vifaa vya umeme wanacho. Kitakuambia kama waya wa ethi upo. Hakitakuambia kama ethi hiyo ni nzuri, na hapo ndipo Dodoma ina jambo lake. Udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Ethi rodi fupi iliyochimbiwa wakati wa mvua ikapimwa ikafaulu, inaweza kuwa dhaifu sana ifikapo Septemba. Ndiyo maana wapo wanaosema "mashine yangu inapiga kiangazi tu", na hawaongopi. Kumwagia maji pale rodi ilipo kunasaidia siku chache. Tiba ni rodi inayokwenda chini zaidi au ya pili kuongezwa, na kipimo kifanywe kwa mita ya ethi.

Ofisi yenye mashine nyingi kwenye laini moja inaweza kuona breka ya kuzuia umeme unaovuja ikianguka ovyo. Nyingi huanguka kwenye miliampea 30, na uvujaji mdogo wa kila mashine hujumlishana. Zigawanyeni kwenye laini tofauti. Msiiruke breka hiyo kwa kuunganisha waya moja kwa moja.

Hapa mpaka wa kumwita fundi uko karibu kuliko kwenye dalili nyingine yoyote. Mtetemo ukiwa mkali kiasi cha kukufanya utoe mkono, ukisikika hata kwenye jokofu au bomba, au tesita ikiwaka mashine ikiwa imezimwa kwa swichi ya nyuma, zima meni swichi, usiguse keisi, mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya nishati na maji). Fundi kompyuta hahusiki na kazi hiyo, hata akisema anaiweza.

Unabonyeza batani, kimya

Angalia swichi ndogo nyuma ya pawa saplai. Nacheka nikiandika, lakini ndiyo inayopatikana kwanza: anayepiga deki ameigusa, au msafirishaji aliizima. Baada ya hapo jaribu soketi kwa taa ya mezani.

Umeme ukiwepo, mtuhumiwa ni waya wa batani. Kwenye keisi ndefu hutoka juu kabisa hadi pembe ya chini ya mazabodi, na plagi yake ni ya pini mbili tu, haina kufuli. Safari ya kilomita 450 hivi kutoka Dar kwenye buti la basi inatosha kuichomoa. Tafuta kundi la pini tisa lililoandikwa kitu kama PWR_SW au PWRBTN, urudishe plagi. Waya wa batani hauna kushoto wala kulia. Za taa ndizo zenye chanya na hasi, na taa ikikataa kuwaka geuza tu.

Ili kujua kama batani yenyewe ndiyo mbovu, chomoa plagi yake, washa swichi ya nyuma, kisha gusisha pini zile mbili za mazabodi kwa ncha ya bisibisi kwa nusu sekunde. Mashine ikiwaka, batani imejaa vumbi au imekwisha. Kuna njia ya muda isiyo na gharama: chomeka waya wa batani ya kurestati kwenye pini za kuwashia. Utawashia hapo mpaka upate batani nyingine. Wapo wanaoishi hivyo miaka.

Isipowaka hata kwa bisibisi, pawa saplai inahitaji kupimwa. Chomoa nyaya zake zote kutoka kwenye vifaa, na ikiwa umezima umeme, unganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwenye plagi ya pini 24 kwa klipu ya karatasi, kisha uwashe. Feni ikizunguka, angalau inaamka. Nyingine za kisasa feni yake haizunguki mpaka ipate joto, na nyingine nyaya zote ni nyeusi. Za namna hiyo mpelekee fundi mwenye kipimo. Ikipiga kishindo au kutoa moshi, chomoa ukutani na usiijaribu mara ya pili.

Inawaka sekunde mbili na kuzima, au feni zinazunguka bila picha

Uliza kwanza: imeanza lini? Ikiwa ni baada ya kusafirishwa, kadi ya picha imelegea kwenye tundu lake, au ramu. Zitoe, zirudishe mpaka vishikio vilie. Kadi nzito ikisafiri keisi imesimama inaning'inia na kuchezacheza njia nzima. Anayekutumia mashine mwambie aitoe kadi, ifungwe peke yake, na keisi ilazwe ubavu wa mazabodi ukiwa chini, kioo juu. Hata treni ya SGR haibadilishi ushauri huu; wanaobeba mizigo stesheni ni walewale.

Ikiwa ni baada ya kufungwa upya, tafuta plagi ya pini nane ya prosesa, juu kushoto mwa mazabodi. Kwenye ful tawa njia yake ni ndefu, na waya wa pawa saplai ya kawaida wakati mwingine haufiki; mfungaji anaulazimisha, unakaa nusu. Usiuvute: nunua waya wa kurefusha.

Halafu kuna vinguzo vya shaba vinavyobeba mazabodi. Keisi hizi hupokea ukubwa mwingi, kwa hiyo zinaweza kuja na vinguzo vya mazabodi kubwa vikiwa vimefungwa tayari. Ukiweka mazabodi ndogo, kinguzo kisicho na tundu lake kinagusa mgongo wa mazabodi na kupiga shoti. Mashine inajilinda kwa kuzima. Toa mazabodi, iweke juu ya boksi la karatasi kavu, unganisha prosesa, hitisinki, ramu moja na umeme tu. Ikiwaka nje na kukataa ndani, hesabu vinguzo: kila kimoja kiwe na tundu juu yake, vilivyobaki vitoke.

Kama inazima ovyo wakati taa za nyumba nazo zinafifia, usiichokonoe keisi. Tafuta UPS (betri ya akiba) au stabilaiza inayolingana na wati za mashine.

Simama ukiona pini za tundu la prosesa zimepinda, au alama nyeusi kwenye mazabodi. Kunyoosha pini hizo ni kazi ya darubini na mkono uliozoea.

Matundu ya USB na spika mbele hayafanyi kazi

Vumbi ndani ya tundu kwanza. Kijiti cha meno kikavu na blowa, mashine ikiwa imezimwa. Halafu kebo haikuchomekwa. Kebo ya USB 3 ni nene, ina matundu ya pini 19, na inaingia upande mmoja tu. Ikipinda pini moja wakati wa kulazimishwa, matundu yote ya mbele yanaweza kulala. Kuichomoa pia chomoa wima, kwa kushika plagi, kwani plastiki ya mazabodi inaweza kung'oka nayo.

Spika za mbele zikinguruma kila unaposogeza mausi, rudi kwenye sehemu ya ethi. Flashi ikikuunguza kidole au tundu likitoa moshi, chomoa kebo ya mbele kabisa, utumie ya nyuma.

Inatetemeka na kunguruma

Bonyeza kila kava kwa kiganja mashine ikiwa inafanya kazi. Mlio ukikoma, kaza skrubu ya hapo au weka kipande cha sponji chembamba. Usipokoma, kagua miguu ya keisi, kisha diski: zenye kuzunguka zikifungwa bila mipira yake hutetemesha bati zima, hasa zikiwa sita kwa ajili ya CCTV. Diski inayogonga tiki-tiki-tiki ni jambo jingine. Nakili picha zako sasa hivi, mengine baadaye.

Kioo cha pembeni

Kioo kigumu cha keisi kinavumilia kugongwa katikati, hakivumilii kona. Ukikiegemeza juu ya sakafu ya malumalu, mguso mdogo tu wa kona unaweza kukisambaratisha chote. Kilaze juu ya kitanda au blanketi. Na keisi iliyojaa inaweza kuzidi kilo 20. Inyanyueni watu wawili, kwa chini. Plastiki ya juu si mpini wa kubebea.

Vifaa havikai

Hili ni bora ulijue ukiwa bado dukani. Chukua futi ya fundi nguo, pima ndani, usiamini maandishi ya boksi peke yake. Mazabodi ya ATX ni milimita 305 kwa 244. E-ATX nyingi hufika 305 kwa 330, na zinafunika yale matundu ya mpira ya kupitishia nyaya. Kadi ya picha pima kutoka kibati cha nyuma hadi feni za mbele, halafu toa unene wa rejeta ikiwa itakaa mbele. Rejeta iitwayo ya 360 ina urefu wa karibu milimita 400 ukijumlisha vichwa vyake. Muuzaji akikuambia "inaingia ya 360" mwombe aonyeshe inavyoingia. Hitisinki ndefu ipimwe kutoka mazabodi hadi kava. Pawa saplai ya ATX upana wake ni milimita 150 na kimo 86, ila urefu hutofautiana, na zenye wati nyingi ni ndefu.

Kwa hapa mtazamo wangu ni huu: wavu mbele, machujio yanayotoka bila bisibisi, hasa la chini linalovutwa kwa mbele, na bati lisilojikunja ukilibonyeza kwa gumba. Hayo matatu yakipatikana, taa na kioo ni hiari yako.

Tahadhari ya mwisho ni kwa wanaonunua maboksi makubwa ya Dell na HP yaliyotoka maofisini ng'ambo, wakitaka kuyatumia kama keisi. Bati lake ni zuri, lakini nyingi kati yake zina pawa saplai za umbo la peke yake na plagi za mbele zisizofuata mpangilio wa kawaida. Ukifungua ukakuta plagi ya mazabodi si ya pini 24, usikate nyaya na kuunganisha kwa teipu kwa kufuata rangi, kwa sababu rangi hizo zinaweza zisiwe na maana uliyoizoea. Tafuta adapta ya modeli hiyohiyo. Ikikosekana, boksi lirudi kwa muuzaji likiwa na nyaya zake kamili.